Stovu inakohoa na tangi limejaa mafuta taa, nisaidieni

Mama Wawili
Habari za jioni wadau. Juzi nilinunua lita mbili za mafuta taa hapa mtaani Kayole, nikajaza stovu. Tangu jana moto unakohoa, unageuka mwekundu, kisha unazima ugali ukiwa bado mbichi. Nimekata tambi upya, wapi! Leo nimemimina yaliyobaki kwenye chupa ya soda. Chini pametulia kitu kingine, kina cha vidole viwili, na kati yake na mafuta kuna mstari kama umepigwa rula. Ni maji? Niyatupe yote? Na binti yangu wa gredi ya sita ananibana: mbona mafuta yako juu, na mafuta ya kupikia tunayaona ni mazito kuliko maji?

Fundi Stovu
Pole sana mama. Ni maji. Lita moja ya maji ina kilo 1, ya mafuta taa ina kama gramu 800, kwa hiyo maji lazima yashuke. Sasa tambi zinafika chini kabisa ya tangi, zinakunywa maji kwanza. Ndiyo sababu maji kidogo tu yanazima stovu iliyojaa. Usitupe. Acha chupa itulie usiku kucha, umimine mafuta ya juu polepole, na ukikaribia ule mstari uache. Tangi limwage, ulipanguse likauke, tambi uzianike. Yote hayo mbali na moto.

Mwalimu wa Sayansi
Mwambie binti neno "zito" ndilo linalomchanganya. Mafuta ya kupikia ni mazito kumiminika, kama uji, lakini lita yake ina kama gramu 920 tu. Tunalinganisha uzito wa ujazo uleule. Kuchanganyika hayachanganyiki kwa kuwa chembe za maji hushikana zenyewe kwa nguvu.
Mpe na hili: akiweke kizibo cha soda juu ya maji kikitazama juu, kitaelea. Kisha akikunje na kukipondaponda kwa nyundo mpaka kisibaki na nafasi ndani. Chuma ni kilekile, uzito uleule, ila sasa kinasukuma maji yenye uzito mdogo kuliko wake, kwa hiyo kinazama.

Jirani wa Umoja
Nyongeza muhimu: kutuliza chupa kunaonyesha maji peke yake. Petroli huyeyukiana kabisa na mafuta taa, hutaona mstari wowote. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe hata kidogo. Stovu inaweza kulipuka.

Mama Wawili
Asanteni kwa moyo wote. Nimenusa, hakuna petroli. Nimefanya kama fundi alivyosema, leo moto ni samawati na chai imechemka upesi. Mwenye duka nimempelekea ile chupa ajionee mwenyewe, amenirudishia pesa. Kizibo kimezama kama jiwe, na binti hajatoka kwenye beseni. Sasa anajaza sufuria ndogo maji kijiko kwa kijiko, anahesabu vingapi vitaizamisha.