Mtoto hasikii: lugha ya alama au usemi wa viashiria?

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Binti yetu ana mwaka na miezi miwili, na mwezi huu tumethibitishiwa kuwa hasikii kwa masikio yote mawili. Mtaalamu mmoja anasema tujifunze lugha ya alama, mwingine anasifia viashiria vya mkono. Nyumbani tunaongea Kiswahili, nje ni lugha ya watu. Tuanzie wapi?

Jibu

Dada, pole kwa mshtuko. Kwa mtoto sina pole ya kukupa.

Wanaokutajia hayo mawili kama dawa mbili za ugonjwa mmoja wanakuchanganya. Lugha ya alama ni lugha kamili, ina sarufi yake na utani wake. William Stokoe alilionyesha hilo mwaka 1960 pale Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington, Marekani, wakati wengi wakiiona ni kupunga mikono tu. Viashiria si lugha. Ni njia ya kuifanya lugha inayosemwa ionekane kwa macho. Orin Cornett aliibuni mwaka 1966, chuo hichohicho, kwa kusumbuliwa na jinsi wanafunzi viziwi walivyopata taabu kusoma.

Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: papa, baba, mama. Midomo imefanya kitu kilekile mara tatu. Anayetegemea kusoma midomo hajui kama umemtaja baba yake au samaki. Sasa ongeza mkono. Katika mfumo wa Kiingereza cha Marekani, P ni kidole cha shahada peke yake, B ni vidole vinne gumba likiwa limekunjwa, M ni vidole vyote vitano. Irabu unaionyesha kwa mahali unapoweka mkono: mdomoni, kidevuni, kooni au pembeni. Maumbo 8, mahali 4, basi. Kile kidole cha P ndicho pia cha D, lakini D haifanani na P midomoni, kwa hiyo jicho linaokota mkono na mdomo kwa pamoja.

Sisi tulianza na viashiria kwa sababu mfumo wenyewe unaushika kwa siku chache, ingawa kasi inadai miezi. Siwezi kuulaumu: kijana wangu anasoma vitabu kuliko mimi. Ila alipofika miaka minne tulimpeleka kwenye mkusanyiko wa viziwi. Watoto wanacheka, wanagombana, wanasutana kwa mikono, yeye kaegemea ukuta. Mle ndani viashiria tulivijua watu watatu: yeye, mama yake na mimi. Niliumia siku ile. Ningerudi nyuma, ningetanguliza alama, viashiria vifuate tukifika kwenye kusoma. Hata mkalimani wa alama unampata. Wa viashiria utamtafuta sana.

Jibu

Shikamoo kaka, nakuunga mkono, ila nina nyongeza kwa dada. Uliza ni alama za nchi gani. Uingereza na Marekani wote wanaongea Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani kwa alama. Za Marekani zina udugu na za Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, alishiriki kuanzisha shule ya viziwi ya Hartford, Marekani, mwaka 1817. Sisi tulihama nchi na binti yangu akaanza alama upya. Nilidhani tumemharibia, kumbe aliyekwisha kuwa na lugha moja kichwani hapati taabu sana na ya pili. Taabu ni kukaa bila yoyote, kwa hiyo msingoje kifaa cha kusikia kinachopandikizwa sikioni ndipo muanze.

Na viashiria msivipuuze kwa ajili ya Kiswahili chenu. Mkono mmoja hubeba konsonanti na irabu yake kwa mpigo, na silabi zetu ndivyo zilivyo: ba, ki, tu. Irabu ni tano tu. Kiingereza kina mrundikano wa konsonanti unaochosha mkono.

Jibu

Marahaba kwa wote, nimewasoma mara mbili. Jana usiku nilimweka mume wangu mbele yangu, nikamwambia atamke bila sauti. Nikajibu "mama" kwa kujiamini kabisa. Alikuwa amesema papa. Akarudia, nikakosea tena. Hatukucheka sana.

Kuna darasa la alama la wazazi Jumanne jioni, anafundisha kiziwi mwenyewe. Tumejiandikisha wote wawili, na bibi ya binti yetu ameomba aunganishwe kwa video.