Jardel si garasa, nyie ndio mlianza kumtazama akiwa ameshakwisha

Wakuu, leo nimeudhika na sitaficha. Imepita tena ile orodha ya mastraika wa hovyo waliowahi kutua Uingereza, na kama kawaida Mário Jardel kawekwa humo, picha yake ya Bolton, jezi inambana tumboni, na chini yake watu wanacheka. Mmoja kaandika "kibonge". Mwingine kaandika "garasa la karne". Wa tatu, huyu ndiye aliyenifanya nifungue huu uzi, anauliza eti hivi huyu jamaa alipataje timu Ulaya.

Alipataje timu! Kaa hapo nikueleze, na kama una bando dogo nenda kaongeze kwanza.

Jardel ni mtoto wa Fortaleza, kaskazini mashariki mwa Brazil, kazaliwa 1973. Alianza na Ferroviário ya palepale nyumbani, akaenda Vasco da Gama ya Rio, lakini waliompa jina ni Grêmio ya Porto Alegre. Mwaka 1995 Grêmio walibeba Copa Libertadores, ambalo kwa klabu za Amerika Kusini hakuna kombe juu yake, na mfungaji bora wa mashindano yale alikuwa huyu huyu garasa wenu, mabao 12. Kocha wake alikuwa Luiz Felipe Scolari. Likaririni hilo jina, maana nusu ya hasira zangu leo ni zake.

1996 akavuka bahari kwenda Porto ya Ureno. Septemba ya mwaka huo Porto wanacheza San Siro na AC Milan, ile Milan ya George Weah na Paolo Maldini, Ligi ya Mabingwa. Jardel anaanzia benchi. Milan wanaongoza 2-1, Weah kashafunga lake. Mtoto kutoka Fortaleza ambaye Ulaya hawamjui anatupia mawili ndani ya dakika chache, mpira unaisha 3-2 kwa Porto. Hapo ndipo alipopatia timu Ulaya, ndugu yangu uliyeuliza.

Halafu ikaja misimu minne ambayo nikiisimulia vijana wa siku hizi wanadhani nasoma takwimu za mchezo wa kompyuta. Ligi ya Ureno: mabao 30, kisha 26, kisha 36, kisha 38. Jumla 130 kwenye mechi 125. Mfungaji bora misimu yote minne, hakuna aliyempokonya hata mmoja. Ubingwa mara tatu mfululizo.

Na wala hakuwa na mambo mengi. Chenga hana, mbio za kawaida, ukimtazama dakika themanini unaweza kudhani amekuja kuangalia mpira kwa karibu. Lakini Drulović akipata nafasi ya kupiga krosi upande mmoja, au Capucho upande wa pili, beki anageuka kutafuta mpira uko wapi, na akishageuka tu imekula kwake. Jardel alikuwa anarudi hatua mbili nyuma, anajificha mgongoni kwa beki wa mwisho kwenye nguzo ya mbali, anatokea juu akiwa tayari anashuka na mpira. Vichwa vyake havikuwa vya kubahatisha. Alikuwa anauelekeza chini, mpira unadunda mbele ya kipa, kipa anabaki anaushangaa. Siku hizi straika akifunga kichwa kimoja kwa msimu mnampigia makofi.

Sasa mje tuone dhuluma ya kwanza. 1999 alichukua Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, tuzo ya mfungaji bora wa ligi zote za Ulaya, kwa mabao 36. Sawa, haki yake. Msimu uliofuata akaongeza, akafunga 38. Kiatu akapewa nani? Kevin Phillips wa Sunderland, mwenye mabao 30. Sina ugomvi na Phillips, alicheza vizuri sana. Ugomvi wangu ni hesabu, maana mabao hupewa pointi kwa uzito wa ligi: ya Uingereza yalizidishwa mara mbili, ya Ureno mara moja na nusu, kwa hiyo 60 dhidi ya 57. Mtu kafunga mabao nane zaidi ya mwenzake halafu anaambiwa amekuwa wa pili kwa sababu ya anwani ya kazini kwake.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba ligi ya Ureno ni nyepesi. Futa. Msimu huo huo wa 1999/2000 Jardel alimaliza Ligi ya Mabingwa akiwa na mabao 10, akilingana na Rivaldo wa Barcelona na Raúl wa Real Madrid kileleni mwa wafungaji. Rivaldo alikuwa ndiye mwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Nako huko kulikuwa kwepesi?

Akaenda Galatasaray, waliokuwa wametoka kubeba Kombe la UEFA na kumpoteza Hakan Şükür aliyetimkia Inter. Agosti 2000, Monaco, Super Cup ya Ulaya dhidi ya Real Madrid, mabingwa wa Ulaya. Jardel anafunga penalti, Raúl anasawazisha kwa penalti, muda wa nyongeza Jardel anafunga bao la dhahabu na mpira unaishia hapohapo. 2-1. Klabu ya kwanza ya Uturuki kubeba kombe lile, na mabao yote mawili ni ya kibonge wenu. Aprili 2001 wakakutana tena na Real Madrid robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Istanbul, Galatasaray wametanguliwa 2-0 wakageuza wakashinda 3-2, la tatu nani kafunga? Haya.

Lakini msimu unaoniuma roho ni 2001/02. Amerudi Ureno, safari hii Sporting ya Lisbon, kocha László Bölöni, João Pinto anampikia mipira. Mechi 30 za ligi, mabao 42. Rudieni kusoma. Sporting wakabeba ligi na kombe, Jardel akachukua Kiatu cha Dhahabu kwa mara ya pili. Mjue kwamba baada ya ubingwa ule Sporting walikaa bila ligi mpaka 2021. Miaka 19. Cristiano Ronaldo alipandishwa timu ya wakubwa akamkuta Jardel pale.

Na kiangazi hicho ni Kombe la Dunia, Japani na Korea Kusini. Kocha wa Brazil ni nani? Scolari. Yule yule aliyebebeshwa Libertadores na vichwa vya Jardel mwaka 1995.

Akamwacha.

Wanaomtetea Scolari wana hoja zao na nitazitaja kabla hamjanirukia. Ronaldo, Rivaldo na Ronaldinho hakuna wa kuwatoa. Brazil walishinda mechi zote saba na kombe wakabeba, kwa hiyo huwezi kumwambia mtu alikosea. Hata Romário aliachwa, nchi nzima ikilia. Luizão, aliyekwenda kama straika wa akiba, alikuwa amefunga mawili dhidi ya Venezuela kwenye mechi ya mwisho ya kufuzu, Scolari akamlipa fadhila. Naelewa yote hayo. Ila kwenye kikosi cha watu 23 unakosaje kiti kimoja cha mtu wa mabao 42? Hata kama atakaa benchi mwezi mzima, dakika ya 85 umebanwa, una Cafu na Roberto Carlos pembeni wanaojua kupiga krosi kuliko mabeki wote duniani, humtaki mtu wa vichwa? Jumla ya maisha yake yote Jardel kaichezea Brazil mechi 10. Kumi! Kuna watu wamecheza kumi kwa sababu tu wakala wao alijua kupiga simu.

Baada ya hapo mtu alivunjika. Ndoa ilikuwa inayumba, msongo wa mawazo ukamkalia, mwili ukaanza kuongezeka, Sporting msimu wa 2002/03 hawakumwona tena yule waliyemjua. Baadaye, mwaka 2008, alikuja kukiri mwenyewe hadharani kwamba alitumia kokeini. Simtetei kwa hilo, alijifanyia mwenyewe na aliwaangusha waliomlipa. Lakini kuanzia hapo mwanamume huyu alikuwa mgonjwa, na kila aliyekuwa na macho aliona.

Hapo ndipo wachuuzi walipoingia. Kiangazi cha 2003 Bolton ya Sam Allardyce wakamchukua. Mechi saba za ligi, bao sifuri. Hii ndiyo sehemu pekee mnayoijua, kwa sababu ligi ya Uingereza ndiyo iliyokuwa inaonyeshwa kwenye vibanda umiza vyetu, ya Ureno nani angeiweka? Kwa hiyo mtu aliyefunga mabao 172 ya ligi Ureno ndani ya misimu mitano mmemjua kwa mechi saba. Na hata huko Bolton hamsemi yote. Kombe la Ligi alifunga matatu, moja likiwa Anfield dhidi ya Liverpool, mechi ambayo Bolton walishinda 3-2. Msimu ule Bolton walifika fainali ya kombe hilo. Mtu mgonjwa, mzito, aliyekwisha, bado alifunga Anfield.

Januari 2004 akapelekwa Ancona kwa mkopo, timu iliyokuwa inashika mkia Serie A ya Italia na iliyomaliza msimu na pointi 13. Mechi tatu, kwaheri. Kuanzia hapo alizungushwa kama mtumba unaobaki mnadani jioni, kila anayepita anaushika, anaangalia lebo, anauacha mbele kidogo: Palmeiras, Newell's Old Boys ya Argentina, Alavés ya Hispania, Goiás, Beira-Mar, Anorthosis ya Cyprus, Newcastle Jets ya Australia ambako hakufunga bao hata moja la ligi, Criciúma, akarudi Ferroviário alikoanzia, kisha Cherno More ya Bulgaria mwaka 2010. Na bado nimeziruka nyingine.

Nauliza tu kama mtu anayefuatilia usajili: ni nani anamsajili mtu wa aina hiyo akiamini atafunga? Mimi nadhani hakuna. Walichonunua ni jina, viatu viwili vya dhahabu na picha ya utambulisho uwanja wa ndege. Mchezaji huru hana ada ya uhamisho, jezi chache zinauzwa, wakala anakula chake kila saini inapopigwa, na kadiri mtu anavyohama mara nyingi ndivyo saini zinavyokuwa nyingi. Mchezaji mwenyewe anashuka ndege na begi lake, anakuta nchi asiyoijua lugha, hana mtu wa kumwambia kaa chini kwanza utibiwe. Akicheza vibaya analaumiwa yeye. Sijawahi kuona orodha ya "waliosajili hovyo" yenye sura ya mkurugenzi.

Hata siasa wakamtumia. 2014 aligombea ubunge wa jimbo la Rio Grande do Sul, kura zaidi ya 41,000, mashabiki wa Grêmio bado wanaikumbuka 1995. Mwaka uliofuata waendesha mashtaka wakamwandama kwa tuhuma za wafanyakazi hewa na kukata mishahara ya wasaidizi wake, na Desemba 2016 bunge la jimbo likamvua ubunge kwa kura 51, hakuna hata moja ya kumtetea. Kama aliiba, aliiba, na fedha ni za walipa kodi wa huko, kwa hiyo hapo msinitafute. Nashangaa tu chama kilichomsimamisha mtu ambaye dunia nzima ilijua hali yake, kisha kura zikishapatikana wanajifanya wameshtuka. 2022 akaonekana tena, safari hii ndani ya nyumba ya Big Brother ya mastaa kwenye televisheni ya Ureno. Bado anauzwa.

Wapo watakaosema natoa povu kwa mtu asiyejua hata kama nipo. Ni sawa, nina povu. Sitaki mumwonee huruma, sitaki mumsamehe ya siasa, na kama mnataka kucheka mechi saba za Bolton chekeni. Ila mkiweka mechi saba, wekeni na San Siro, na Monaco, na mabao 42 ya Lisbon kwenye post hiyo hiyo, tuone kama kicheko kitatoka.

Na anayetaka kubishana nami aanzie kwa Scolari. Ni Mei 2002, umebakiwa na nafasi moja ya straika kwenye ndege ya Asia. Unampakia Luizão, au unampakia mtu uliyebeba naye Libertadores, aliyetoka kufunga mabao 42 kwenye mechi 30? Jibu kwa sababu, matusi siyajibu.