Mrejesho: vitamini D imepanda, testosteroni bado

Assalaam alaykum. Mwezi wa Shaabani niliuliza hapa kama uchovu na kupungua hamu ya tendo vinatokana na upungufu wa vitamini D. Nalinda hoteli usiku huku Nungwi, mchana nimelala, jua silioni. Vitamini D ilikuwa chini, 13 ng/ml, na testosteroni (homoni ya kiume) chini pia, 241 ng/dl.

Ahsanteni nyote. Kaka uliyeniuliza nilipimwa saa ngapi, umenifaa mno: ilikuwa alasiri, na homoni hii huwa juu asubuhi. Nilirudia asubuhi, baada ya kulala usiku siku za mapumziko, ikatoka 284. Bado chini, lakini hofu ilipungua.

Daktari alinipa vitamini D ya wiki 12, nimeze pamoja na chakula chenye mafuta. Nikaongeza vibua, na saa tano natoka juani kidogo na fulana. Unga wa nguvu sikuugusa, mniwie radhi mlioupendekeza.

Sasa vitamini D ni 34, na maumivu ya mapaja yamekwisha, alhamdulillah. Testosteroni ni 297, yaani haikusogea. Daktari alisema wenye upungufu wa D mara nyingi huwa na testosteroni ya chini pia, ila majaribio ya vidonge kwa wanaume yametoa majibu yanayopishana. Unene huandamana na upungufu wa vyote viwili, na kukosa usingizi hushusha testosteroni.

Kukosa usingizi ndio tatizo langu. Nimepata zamu ya mchana, nitapima tena baada ya miezi mitatu inshallah.