Tupeane uzoefu: sheria au waraka gani uliwahi kumfaa mwanamke ukiona kwa macho yako?

Binti wa Kilosa
Habari zenu wakuu. Hotuba za Machi 8 na vitenge vya sare tumeshazizoea. Naomba tuongee yaliyotokea kweli: siku ambayo sheria, waraka au kanuni ilimsaidia mwanamke unayemjua, au ilitakiwa imsaidie ikagoma. Majina ya watu na ofisi tuyaache.

Naanza. Baba alifariki 2009. Arobaini haijafika, baba zangu wadogo wakaja na kamba kupima shamba. Ekari 4, na pori lake alilifyeka mama mwenyewe. Wakasema mke ni mtu wa kuja. Mama ni darasa la saba la enzi za UPE, kifungu cha sheria hajui hata kimoja.

Aliyemwokoa ni mama mmoja mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza liwe na watu 7, 3 kati yao wanawake. Huyu mama kila kikao alikuwa kimya, sisi tukajua yupo kujaza idadi. Siku hiyo akaomba kitabu cha sheria kwa mtendaji, akamwambia karani asome kifungu cha 20: mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Karani akasoma. Mama yule akasema rudia. Akarudia. Baba mdogo akauliza, "Batili ndiyo nini?" Kikao kizima kikaangua kicheko, na kamba ikarudi begani. Mama bado analima palepale.

Mzee Kijana
Mimi nitaharibu shughuli kidogo. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mkopo hauna riba. Mtaani kwetu kikaundwa kikundi cha akina mama wafuga kuku. Kuku sikuwahi kumwona hata mmoja. Hela ikanunua bodaboda, akina mama wakasaini. Marejesho yalipochelewa wakafuatwa wao, na mke wangu akiwemo. Serikali iliposimamisha mikopo ile 2023 ili ipange utaratibu upya, watu walilalamika sana. Mke wangu siku hiyo alipika pilau.

Binti wa Kilosa
Mkuu, bodaboda ilikuwa ya nani?

Mzee Kijana
Ya jirani. Na mimi nusu. Endeleeni.

Mama Genge
Nilifukuzwa kidato cha tatu 2018. Tulipangwa foleni wasichana wote, kila mmoja na kikopo chake cha mkojo. Aliyenipa mimba alikuwa fundi rangi, akahama mji usiku uleule, maana miaka 30 jela si mchezo. Waraka wa Novemba 2021 wa kuturudisha shule ulinikuta na mtoto wa miaka 3 na genge la mboga. Nilishafanya QT, ule mtihani wa maarifa wa kukuruhusu ufanye cha nne, baadaye nikafanya cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimefaulu masomo manne, msinicheke.

Aliyefaidi ni binamu yangu. Alirudi 2022, sare ileile, dawati lingine. Wiki za mwanzo maziwa yalikuwa yanavuja mpaka kwenye sweta, akawa anakaa nyuma na daftari kifuani. Waraka ulimfungulia geti kweli, lakini mtoto abaki na nani haukusema. Alibaki na bibi yetu, na bibi ndiye aliyeacha biashara yake ya vitumbua. Hilo sijasikia mtu akilitaja kwenye semina.

Wajumbe Si Watu
Jina langu limeshawaambia nusu ya habari. 2020 nilichukua fomu ya udiwani wa kata. Katibu akanitazama: "Mama, viti maalum ni siku nyingine." Nikamwambia nimekuja siku yangu. Kwenye kura za maoni walioniahidi kwa simu walikuwa 63. Sandukuni zikatoka 11, na moja ni yangu.

Ndipo nikaingia kwa viti maalum, maana lazima theluthi ya halmashauri iwe wanawake, na bungeni Katiba inataka wasipungue asilimia 30. Siudharau mlango huo, nimepitia humo. Ila unafika kikaoni mtu anakuuliza, "Wewe diwani wa wapi?" Kata ina mwenyewe, na kamati ya maendeleo ya kata anaongoza yeye. Ukileta hoja ya vyoo vya wasichana inaandikwa kwa jina lake. Miaka miwili nilidai chumba cha wasichana kubadilishia taulo za kike kwenye shule moja. Kimejengwa. Siku ya uzinduzi nilishika mkasi wa utepe nikampa yeye akate.

Dada wa Nakuru
Huku kwetu Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Kaunti hutimiza kwa uteuzi baada ya kura. Bunge la kitaifa lilishindwa kupitisha sheria ya kulitimiza, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais alivunje. Halikuvunjwa. Dadangu ni MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) mteule, na kwa mikutano wanamwita ua la bunge. Hiyo ya mkasi nimeisoma nikamtumia.

Mpitanjia
Fupi, narudi Tanzania: Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi. Nilimpelekea bosi kifungu cha 33 kimechapishwa. Akasema, "Kumbe!" Alikuwa na wafanyakazi wanawake 14.

Binti wa Kilosa
@Wajumbe Si Watu, 2030 fomu unachukua tena?

Wajumbe Si Watu
Ya kata. Na safari hii siwapigii simu, nawafuata nyumbani mmoja mmoja nikianza na wake zao.