Mwenyekiti wa klabu ya pikipiki za zamani aendelee kushindana? Mimi nasema hapana

Ndugu zangu wa Tanga, nanyi mlioko Muheza, Pangani na Korogwe mnaotuletea mashine zenu, nauanzisha mjadala huu mapema kwa sababu siku ya kura watu hawasikilizani. Nagombea uenyekiti wa klabu yetu ya mbio za pikipiki za zamani. Nimeshatangaza kwamba nikichaguliwa sitashiriki mbio zozote za klabu mpaka muda wangu uishe. Wenzangu wawili tunaogombea nao wamekataa kutoa ahadi hiyo. Ni haki yao, maana rasimu ya katiba yetu haisemi lolote. Swali langu ni hili: je, liwe sharti kwa kila mwenyekiti?

Kwa asiyeujua mchezo huu, mbio za pikipiki za zamani nusu yake huamuliwa kwenye ukaguzi, kabla hata injini hazijawashwa. Mashine mbili zitafanana tangi na taa, na namba za chasisi zitaonyesha mwaka uleule. Kumbe moja imevalishwa shokapu za toleo jipya, breki ya diski imekaa mahali pa ile ya dram, platini ya kutoa cheche imetolewa ikafungwa CDI, yaani kifaa cha kielektroniki cha kazi hiyohiyo, na silinda imetanuliwa ipokee pistoni kubwa. Kila badiliko lina sababu ya kweli. Spea za zamani hazipatikani, na upepo wa chumvi hapa kwetu hauhurumii chuma, kwa hiyo fundi anafunga alichokipata. Lazima basi awepo mtu wa kusema kipi ni matengenezo na kipi ni kuongeza mwendo. Kwetu mtu huyo huteuliwa na mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe ana pikipiki yake kwenye foleni ileile ya ukaguzi. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Mwaka jana niliona mashine ya kijana mmoja wa Mabokweni ikikataliwa kwa sababu ya breki ya diski. Siku hiyohiyo nyingine yenye breki kama ile ikapitishwa, tukaambiwa ni kwa ajili ya usalama. Sisemi kulikuwa na njama. Ila kijana yule hajarudi tena, na inaniuma, kwa sababu aliifufua mashine ile kwa mikono yake mwenyewe.

Lipo kubwa zaidi: ukomo wa mwaka. Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946, kwa miaka mingi imepokea pikipiki iliyotimiza umri wa miaka 25, na mstari wa namna hiyo unasogea kila mwaka. Tukiufuata mtindo huo, ifikapo 2030 pikipiki ya 2005 itakuwa ya zamani, na mashine za Kichina za bodaboda zitaanza kubisha hodi. Kule Marekani, AHRMA, chama cha mbio za pikipiki za zamani, hugawa madaraja kwa vipindi, na huweza kupokea mashine iliyoundwa baadaye endapo muundo wake ni uleule wa zamani. Kanuni hiyo nayo ina mtego kwetu. Honda CG125 ilitoka 1976, na injini yake, inayofungua valvu kwa fimbo badala ya cheni, ikapendwa kwa kuvumilia matunzo hafifu. Viwanda vya China vikaiiga kwa wingi. Sasa nakala iliyotoka kiwandani juzi ishindane daraja moja na CG ya miaka ya sabini? Wauza spea wangefurahi. Wenye Yamaha na Suzuki za kuchanganya petroli na oili, zile walizokuwa wakipanda mabwana shamba, hawataki hata kulisikia.

Mimi naona nakala hizo zipewe daraja lake. Lakini ninamiliki Honda XL, ambayo si nakala, kwa hiyo rai yangu ina upande, kama ilivyo rai ya kila mwenye mashine. Ndiyo maana nataka atakayesimamia uamuzi huo asiwe na ushindi wake wa kuupigania Jumapili.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mzee mmoja wa Chumbageni, fundi aliyenifundisha kuseti platini, nilipomwamkia aliitikia kisha akaniuliza: "Mwanangu, mwenyekiti asiyepanda atajuaje kwamba njia ya kule kwenye mkonge imemomonyoka konani?" Nilimjibu kwamba ataikagua kwa miguu kabla ya mbio na kuwasikiliza madereva. Hakuridhika. Alisema sisi ni wachache, wanaozijua mashine ndio haohao wanaozipanda, na ukiwazuia utabaki na mwenyekiti anayependa kupigwa picha tu. Hofu hiyo naielewa. Muhula wa miaka minne bila mbio ni mrefu mno, hasa kwa mtu ambaye umri umeshaanza kusogea. Napendekeza muhula uwe wa miaka miwili.

Wengine wanasema mwenyekiti ashindane, ila wakaguzi wachaguliwe na mkutano mkuu, wasiteuliwe naye. Hili ndilo lililonifikirisha kuliko yote. Tatizo ni kwamba mwenyekiti huyohuyo ndiye anayepanga tarehe, anayezungumza na wenye shamba na polisi, na anayeidhinisha fedha. Mkaguzi atamkatalia pikipiki asubuhi, kisha jioni amwombe nauli? Hata hivyo, pendekezo langu likishindwa, hilo nitaliunga mkono bila kinyongo.

Msiniambie ahadi yangu ya mdomo inatosha, maana haitamfunga atakayekuja baada yangu. Rasimu tunaiandaa kuipeleka kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1967, na huu ndio wakati wa kuandika kifungu. Changu ni hiki: "Mwenyekiti hatashindana katika mbio za klabu kwa muda wote wa uongozi wake, wala hatateua mkaguzi wa mashine." Anayepinga alete chake kilichoandikwa, tuvisome pamoja.

Nanyi vijana wa bodaboda wa Mikanjuni na Pongwe, ambao mashine zenu ndizo zinazogombaniwa, nataka kuwasikia zaidi ya wote. Mko tayari kukaguliwa na mtu aliyeteuliwa na mpinzani wenu?