Viatu vya fedha vya Dorothy: je, hadithi ya Oz ni fumbo la siasa ya sarafu?

Mzazi Msomaji anauliza:

Salaam, wanajukwaa. Wiki iliyopita nilianza kumsomea binti yangu wa miaka minane hadithi ya L. Frank Baum ya mchawi wa Oz, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1900. Nakala niliyonayo ni ya Kiingereza, nami ninamsimulia kwa Kiswahili huku nikisoma, kwa hiyo tafsiri yangu ni ya papo kwa papo na sina cha kujivunia. Tulipofika pale ambapo nyumba ya Dorothy, iliyobebwa na kimbunga kutoka Kansas, inamwangukia Mchawi wa Mashariki na kumuua, na Dorothy anapewa viatu vya marehemu, nilisema kwamba vilikuwa viatu vya fedha. Binti akanikatiza: "Viatu vya hela, baba?" Kisha akanisahihisha kwamba nimekosea kabisa, kwa kuwa yeye ameiona filamu nyumbani kwa shangazi yake na viatu vilikuwa vyekundu.

Ningelicheka na kuendelea, lakini ninasoma shahada ya uchumi kwa masomo ya jioni, na kitabu chetu cha kiada kina kisanduku kinachodai kwamba hadithi hii ni fumbo la mjadala wa sarafu uliowagawa Wamarekani mwishoni mwa karne ya 19. Barabara ya matofali ya manjano ni dhahabu, viatu ni fedha, na neno Oz lenyewe ni ufupisho wa Kiingereza wa wakia, kipimo cha madini hayo. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: je, Baum alikusudia hayo, au wasomi wamemvisha marehemu kanzu isiyo yake? Na kama hakukusudia, kwa nini maelezo haya hayafi?

Mhadhiri Mstaafu anajibu:

Ndugu muulizaji, binti yako ameingia kwenye mjadala kwa mlango ambao Kiingereza hakina. Kwetu fedha ni madini na fedha ni pesa, na neno halijatengana kwa sababu kwa muda mrefu vitu vyenyewe havikutengana: riali ya Maria Theresa na rupia ya Kihindi, zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa katika karne ya 19, zote zilikuwa sarafu za fedha. Mzozo unaousoma kitabuni haukuwa wa Wamarekani peke yao. Thamani ya fedha ilipoporomoka duniani, serikali ya India ililazimika mwaka 1893 kufunga karakana zake za sarafu kwa watu binafsi waliokuwa wakipeleka fedha yao igongwe kuwa rupia.

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1873 iliiondoa fedha katika ugongaji huru wa sarafu, na nchi ikaelemea dhahabu. Bidhaa ziliongezeka kuliko dhahabu, kwa hiyo bei zikashuka mwaka baada ya mwaka. Msomaji wa leo, aliyezoea kulia na mfumuko wa bei, anaweza kudhani hiyo ni neema, lakini mfikirie mkulima wa ngano wa Kansas aliyeweka shamba rehani. Tuseme alipokopa, deni lake lilikuwa sawa na gunia mia za ngano. Bei iliposhuka kwa theluthi, dola alizodaiwa zilikuwa zile zile, lakini sasa alitakiwa kuuza gunia mia na hamsini ili azipate. Ndiyo maana wakulima walidai fedha igongwe tena bila kikomo, kwa uwiano wa sehemu 16 za fedha kwa 1 ya dhahabu, ili pesa iongezeke na deni lilegee. William Jennings Bryan alilibeba dai hilo katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1896, akaonya kwamba wanadamu wasisulubiwe juu ya msalaba wa dhahabu, kisha akashindwa na William McKinley, na mwaka 1900 wakarudiana akashindwa tena.

Sasa tazama pengo la miaka. Kitabu ni cha 1900, na fumbo unalolisoma lilichapishwa mwaka 1964, na Henry Littlefield, mwalimu wa shule ya sekondari katika jimbo la New York aliyekuwa akitafuta njia ya kuwafanya wanafunzi wake wakumbuke historia ya miaka ya 1890. Kwake, kati ya wenzake Dorothy wa safarini, sanamu la kuamia ndege lilikuwa mkulima anayeambiwa hana akili ilhali anazo. Mkata Kuni wa Bati alikuwa mfanyakazi wa kiwandani aliyegeuzwa mashine. Simba Mwoga, mwenye ngurumo kubwa na makucha yasiyoumiza, alikuwa Bryan. Mwaka 1990 mwanauchumi Hugh Rockoff akaliendeleza fumbo hilo kwa undani zaidi katika jarida la uchumi linaloheshimika, na nadhani kisanduku cha kitabu chako kimetoka kwenye ukoo huo.

Ushahidi wa nia ya Baum, kwa maoni yangu, ni mwembamba mno. Gazeti alilolihariri huko Aberdeen, Dakota, lilikuwa la upande wa Republican, chama cha McKinley, na mwaka 1896 alichapisha shairi la kumuunga mkono McKinley, yaani mtu wa dhahabu. Utangulizi wa kitabu unasema kwamba kiliandikwa kwa ajili ya kuwafurahisha watoto tu. Littlefield mwenyewe, kwa uungwana ambao wasomi wachache wanao, aliandika mwaka 1992 kwamba hakuna msingi wa kumhesabu Baum kuwa mfuasi wa vuguvugu lile la wakulima. Fumbo haliishi kwa sababu ni la kweli. Linaishi kwa sababu linafundishika. Nimelitumia darasani kwa miaka mingi, na sijapata mfano mwingine wa mporomoko wa bei ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado anaukumbuka akifika mwaka wa tatu.

Mfasiri wa Jioni anajibu:

Shikamoo, mwalimu, na asante kwa darasa. Mimi ningependa kumrudisha muulizaji kwenye jambo alilolipita haraka, nalo ni neno mchawi.

Katika Kiswahili mchawi mwema ni kama moto wa baridi. Mchawi ni mtu wa usiku, mwenye husuda, anayeroga. Anayetegua alichofunga mchawi huitwa mganga. Baum anaingiza wachawi wanne, wawili waovu na wawili wema, na Dorothy mwenyewe anashangaa, kwa kuwa alikotoka aliambiwa wachawi wote ni waovu. Mshangao huo ndio shabaha ya sura ile, kwa hiyo mfasiri akikimbilia kumwita Mchawi wa Kaskazini, yule mwema anayempokea Dorothy, mganga, amekwepa tatizo na kuiua sura. Nadhani ni heri kusema mchawi mwema na kumwacha msomaji akwazike kidogo, kama Dorothy alivyokwazika.

Ukwazo huo si wetu peke yetu. Mwaka 1986, katika kaunti ya Hawkins jimboni Tennessee, wazazi Wakristo walioshtaki shule kwa sababu ya vitabu vya kusoma vya watoto wao waliihesabu hadithi ya Oz miongoni mwa visivyofaa, kwa kuwa inaonyesha wachawi wanaotenda mema; walishinda katika mahakama ya kwanza, wakashindwa kwenye rufaa mwaka uliofuata. Wapo pia wanaoamini kwamba wachawi hao wema wana mama. Mama mkwe wa Baum, Matilda Joslyn Gage, alikuwa miongoni mwa watetezi wakuu wa haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka 1893 alitoa kitabu kilichodai kwamba wengi waliouawa Ulaya kwa jina la uchawi walikuwa wanawake waliohukumiwa kwa sababu ya ujuzi wao. Huo si ushahidi wa kukata mzizi wa fitina, lakini bibi huyo alikuwa akikaa kwa vipindi virefu katika nyumba ya Baum, na mimi huuona ni wa karibu zaidi na kitabu kuliko Bryan na dhahabu yake.

Tatizo lililo kubwa zaidi limo kwenye jina la hadithi. Yule bwana wa Oz si mchawi hata kidogo. Kila mgeni anaonyeshwa kitu tofauti: Dorothy anaona kichwa kikubwa kisicho na mwili, sanamu la kuamia ndege linaona mwanamke mzuri, Mkata Kuni anaona dubwana, Simba anaona mpira wa moto. Kisha mbwa Toto anaangusha kiambaza kilichokuwa pembeni, na nyuma yake amesimama mzee mfupi mwenye upara, mzaliwa wa Omaha, aliyejifunza kutoa sauti bila kufumbua mdomo na kurusha puto kwenye sarakasi. Kiswahili kina neno kamili kwa kazi hiyo, na neno hilo ni mazingaombwe. Lakini ukikiita kitabu Mwanamazingaombwe wa Oz, umefichua siri kwenye jalada, na sura zote zinazojenga hofu zinakuwa bure. Kwa hiyo, ndugu muulizaji, endelea kumwita mchawi mpaka kiambaza kianguke, kisha ubadilishe neno mbele ya mtoto na umtazame usoni.

Mkutubi anajibu:

Nitaongeza mambo machache, nikianza na viatu, kwa sababu mtoto anadai jibu. Baba na binti wote wako sahihi. Katika kitabu ni vya fedha. Filamu ya mwaka 1939 ilivifanya vyekundu kwa kuwa ilikuwa ya rangi, na rangi hizo ziligharimu pesa nyingi, kwa hiyo viatu vilitakiwa kung'aa juu ya barabara ya manjano. Wasomaji wa Urusi waliokulia na toleo la Aleksandr Volkov, ambalo pia ni la mwaka 1939, wanavijua kuwa vya fedha. Filamu ilibadilisha na jambo zito zaidi, kwani ndani yake Oz ni ndoto, ilhali kitabuni ni nchi halisi ambayo Dorothy anarudi kuitembelea katika vitabu vya baadaye. Baum aliandika vitabu 14 vya Oz, pamoja na hiki cha kwanza, hadi kifo chake mwaka 1919, vya mwisho vikitoka baada ya kuzikwa.

Wote mmemtafuta Baum kwenye siasa, na mimi ningemtafuta dukani. Alifungua duka Aberdeen mwaka 1888, ukame ukawafukarisha wateja wake, duka likafa, kisha gazeti nalo likafa. Kansas ya kitabu, ambako jua limebabua ardhi, nyumba na hata mashavu ya shangazi mpaka vyote vikawa vya kijivu, ni Dakota aliyoikimbia. Alihamia Chicago, akauza vyombo vya udongo akisafiri mji hadi mji, na mwaka 1897 akaanzisha jarida la kuwafundisha wenye maduka namna ya kupamba madirisha yao ili mpita njia asimame. Jiji la Zumaridi, makao ya yule bwana wa Oz, ni dirisha la duka. Kila anayeingia anavishwa miwani ya kijani inayofungwa kwa ufunguo, na gauni la kijani alilovaa Dorothy kwenye kasri linaonekana jeupe pe mara anapotoka nje ya lango. Wanaosema kwamba miwani hiyo ni noti za kijani za Marekani wanasema jambo la kupendeza, lakini mpambaji wa madirisha hakuhitaji noti ili ajue kwamba rangi ni ya kioo.

Kuna jambo ambalo si vyema kulifunika. Mhariri yule yule, mwezi Desemba 1890 na tena Januari 1891, muda mfupi baada ya askari wa Marekani kuwaua watu wa kabila la Sioux huko Wounded Knee, aliandika tahariri zilizotaka Wahindi Wekundu wa nyanda zile waangamizwe wote. Mwaka 2006 baadhi ya wazao wake waliwaomba radhi watu wa Sioux. Sisemi kitabu kichomwe, ila anayemsifu mwandishi kwa moyo aliompa mtu wa bati aijue na kalamu hiyo nyingine.

Kuhusu urithi wake, hadithi hii imekuwa shamba la kila mwenye jembe. Mwaka 1975 wasanii Wamarekani Weusi waliipeleka kwenye jukwaa la Broadway kwa muziki wao, na filamu ya 1978 ikaigeuza Oz kuwa jiji la New York, Michael Jackson akiwa sanamu la kuamia ndege. Mwaka 1995 Gregory Maguire alimpa Mchawi wa Magharibi utoto, hoja na jina, Elphaba, alilolitunga kutokana na sauti ya herufi za mwanzo za L. Frank Baum.

Mzazi Msomaji anajibu:

Mwalimu, Mfasiri na Mkutubi, nawashukuru sana. Darasani nitaandika kwamba fumbo ni la Littlefield wala si la Baum, na mhadhiri wangu akinikatia alama nitamleta hapa.

Jana usiku tulifika langoni mwa Jiji la Zumaridi. Nilimwonyesha binti kipande cha chupa ya soda ya kijani nilichokuwa nimekisugua kingo zake, akakiweka jichoni na kutazama taa, ukuta, kisha mimi. Nikamsomea jinsi mlinzi wa lango alivyowavisha wote miwani, hata mbwa, na kuifunga kwa ufunguo mdogo aliouvaa shingoni kwa mnyororo, kisha akavaa na yake. Binti aliteremsha kile kioo akauliza kama mlinzi alijua jiji si la kijani. Nikasema ndiye mwenye ufunguo, kwa hiyo huenda alijua. "Sasa mbona na yeye anavaa?" Nilifunga kitabu nikamwambia saa ya kulala imefika, na hadi sasa sijapata jibu la kumpa leo jioni.