Kwelea kwelea shambani: tupeane uzoefu

Mtama_Kongwa

Wanajamvi, habari za jioni. Nalima mtama na uwele huku Kongwa, huu ni msimu wangu wa 19, na kila Machi ikikaribia usingizi unapungua kwa sababu ya ndege asiyefika hata gramu 30. Nimefungua uzi huu ili kila aliyewahi kuamia kwelea kwelea, yaani kulinda shamba asiliwe naye, aeleze alichokiona kwa macho yake: sura yake, tabia zake, anavyozaa, anavyokuja na anavyoondoka. Mbinu za kumfukuza tumeandikiana sana. Ndege mwenyewe bado hatumjui vya kutosha.

Naanza. Miaka ya mwanzo nilijua kundi tu. Linatokea kama moshi upande wa mbugani, linatua, halafu linabingirika: wa nyuma wakikuta mbegu zimeisha wanaruka juu ya wenzao na kutua mbele, na wale waliokuwa mbele wanageuka wa nyuma, mpaka shamba linakwisha. Ndege mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Piga hesabu ya kundi la ndege milioni moja, hizo ni tani 10 kwa siku moja, na makundi ya milioni yapo.

Kilichonifungua macho ni msimu ambao nilipanda mapema sana nikidhani nimewakwepa. Nikagundua kwamba kwelea hafuati mtama. Anafuata nyasi. Mwaka mzima chakula chake ni mbegu ndogo za nyasi pori. Mvua za kwanza zikinyesha Desemba, mbegu zote zilizolala ardhini zinaota kwa pamoja na yeye anakosa cha kula. Ndipo anapotoweka ghafla. Anaruka juu ya mvua kwenda kule ilikotangulia kunyesha, ambako nyasi zimeshazaa. Hapa kwetu anarudi baada ya wiki sita hadi nane, nyasi zetu zikiwa na mbegu mbichi. Mtama wako ukiwa kwenye maziwa, yaani punje bado laini, wakati nyasi za jirani zinaanza kukauka, umekwisha. Nyasi zikiwa bado zinazaa vizuri, atapita tu.

Karibuni.

Mchungaji_Singida

Mkuu, ahsante kwa uzi. Mimi nitaeleza kuzaa kwao, kwa sababu nimekiona chote.

Nilikuwa na miaka 12, nachunga mbuzi upande wa Manyoni. Tulisikia kabla ya kuona: sauti kama mvua inayokuja juu ya majani makavu. Tukafika kwenye migunga, kila tawi lina madume yanasuka. Dume anafunga kwanza kitanzi cha nyasi mbichi kwenye tawi, anasimama katikati yake, kisha anasuka kuzunguka mwili wake mwenyewe. Kiota kinakuwa kama ngumi, na mlango uko ubavuni karibu na juu. Mgunga mmoja nilihesabu viota 200 nikaacha, na migunga yenyewe ilienea mpaka macho yanapoishia.

Siku ya tatu hivi majike wameshaingia. Mayai mara nyingi ni matatu, ya samawati iliyofifia. Sasa sikilizeni jambo hili: karibu wote hutaga ndani ya siku chache zile zile. Ukichungulia viota 10, kumi vyote viko hatua moja. Baada ya siku 10 hadi 12 yanaanguliwa, na kelele inabadilika. Siku za mwanzo wazazi hawaleti nafaka, wanaleta viwavi na panzi wadogo. Nilikaa chini ya mti nikawaona midomoni mwao. Ndege tunayemlaani kwa ajili ya mtama, kinda wake anaanza maisha kwa kula wadudu. Mbegu zinafuata baadaye.

Makinda wakitimiza siku 11 au 12 wanatoka na kushikilia matawi kabla hawajaweza kuruka sawasawa. Wengi wanaanguka. Na pale chini wapo wanaowangoja: kongoti wamesimama kama wazee barazani, mwewe juu, nyoka kwenye matawi, mbweha usiku. Harufu ilikuwa inatusumbua mpaka kwenye nguo.

Tangu kitanzi cha kwanza mpaka miti ilipobaki kimya hazikutimia wiki sita. Nilirudi asubuhi moja nikakuta viota vitupu vinayumba. Mwaka uliofuata nyasi za pale zilikuwa nyeusi kwa ustawi, mbuzi hawakutaka kutoka.

Dada_wa_Iringa

Samahani wakuu, mimi ni mgeni wa kilimo. Kwelea ndiye yule wa njano anayening'iniza viota kwenye minazi na miti ya nyumbani?

Mtama_Kongwa

Hapana dada, huyo ni mnana. Ni jamaa mmoja, ila mnana anakaa na watu. Kwelea ni wa kahawia, ana michirizi kama shomoro, urefu kama sentimita 12. Mtambue kwa mdomo: mfupi, mnene, mwekundu.

Mtegaji_Kondoa

Mdomo mwekundu ndiyo, lakini tuongeze hapo. Sisi Kondoa tunawatega tangu enzi za babu zetu, kwa vikapu vya kusuka na siku hizi kwa nyavu, tunawala na kuuza. Nimeshika maelfu mkononi, naweza kusema nawajua.

Wakati si wa kuzaa, dume na jike huwatofautishi, wote kahawia na mdomo mwekundu. Msimu wa kuzaa dume anavaa. Uso unakuwa mweusi kama amejifunika kitambaa, na kuzunguka ule weusi hadi kifuani anapata rangi ya waridi, wengine ya manjano. Wapo madume wachache wenye uso mweupe badala ya mweusi. Jike yeye anabadilika mdomo tu, unaacha wekundu na kuwa wa njano kama nta.

Kwa hiyo nikikuta kwenye wavu midomo ya njano mingi, najua mazalio yako karibu na hawa hawataondoka leo wala kesho. Nawaambia wenye mashamba ya jirani wakaze dungu, lile jukwaa la kuamia ndege. Nikikuta wote wekundu, wasafiri hao, wanaweza kuhama usiku mmoja.

Wananunuliwa sana wakikaangwa na chumvi. Mtoto wangu wa kwanza nililipia sare za shule kwa kwelea.

Odhis_Ahero

Salamu kutoka Ahero, Kenya. Huku kwetu ni mpunga. Mnakumbuka Januari 2023 ilitangazwa kila mahali kwamba ekari kama 300 za mpunga zimeliwa Kisumu? Sehemu ya shamba letu ilikuwa humo.

Mvua ilikuwa imekosa misimu mingi, nyasi za porini hazikuzaa, kwa hivyo aliyosema ndugu wa Kongwa nayakubali kabisa. Hawakuwa na pengine pa kwenda. Tulikuwa shambani saa kumi na mbili asubuhi, mimi, mke wangu na watoto, tukipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Tulivuta kanda za kaseti kutoka mti hadi mti ili zivume kwa upepo. Siku ya kwanza waliogopa. Siku ya nne walikuwa wanatua juu ya hizo kanda.

Nilichojifunza ni saa zao. Wanakula sana asubuhi mpaka kama saa nne, mchana jua likichoma wanaenda kunywa maji na kupumzika kwenye vichaka, halafu wanarudi alasiri mpaka jua linapotua. Tulikuwa tunajichosha saa sita mchana bure. Siku hizi tunapumzika wakipumzika.

Mama_Mbarali

Odhis pole sana baba. Hata sisi huku, mpunga wa mwanzo na wa mwisho ndio unaoliwa. Yule anayepanda peke yake kabla ya wenzake au baada yao, ndege wote wanakuwa wake. Tulikubaliana wote wa mfereji mmoja wa maji tupande ndani ya wiki mbili na hasara ikagawanyika.

Jambo lingine ni magugu. Shamba lenye majani ndilo wanaloanza nalo, wanakuja kwa mbegu za majani kisha wanaona mpunga. Palilieni.

Kijana_wa_Mvumi

Mimi naleta la huzuni kidogo. Miaka michache iliyopita ilikuja ndege ya kunyunyiza dawa kwenye matete wanakolala, jioni kabla ya giza, kama inavyofanyika siku zote, wakiwa wameshatua kwa wingi. Asubuhi ardhi ilikuwa imefunikwa. Hakuna aliyetutangazia mapema tusiokote. Watu walijaza ndoo. Ile dawa, fenthioni, inashambulia mishipa ya fahamu, na haichagui. Niliokota mwewe wawili na bundi mmoja waliokufa, walikuwa wamekula mizoga. Mbwa wetu naye alitetemeka siku nzima, akapona.

Sipingi kunyunyiza, mama yangu alipoteza gunia zote za mwaka ule. Ila wakuu, mkisikia eneo limepigwa dawa, msile, na mfukie mtakachokikuta.

Mtegaji_Kondoa

Kijana umesema kweli tupu. Sisi tukisikia eneo limenyunyiziwa tunakunja nyavu msimu mzima.

Mtama_Kongwa

Nimesoma yote, na ya Mchungaji nimeyasoma mara mbili. Hiyo ya wiki sita inanisaidia kupanga. Jumapili nilimwona dume mwenye uso mweusi amebeba unyasi mbichi, akielekea migunga ya ng'ambo ya korongo. Kama ndio wameanza, makinda watakuwa wanaruka katikati ya Aprili, na uwele wangu utakuwa ndio kwanza unashika maziwa. Mtama mwekundu upande wa chini siuhofii sana, ule mchungu huwa wanauacha mwisho. Ni huu mweupe.

Nimeshakata miti ya dungu mbili. Kesho alfajiri navuka korongo kuangalia viota viko hatua gani, nitawaletea majibu hapa hapa.